Wewe Uliyepamba Keki ya Harusi Yangu

Mpendwa dada Bonifasia,

Kamwene. Uliponifundisha salamu hiyo ya Kibena niliitamka vibaya mpaka ukashika kaunta kwa kucheka, ukasema Mrangi akiongea Kibena ni kama mtu aliyebanwa pua. Siku hizi naitamka vizuri. Wateja kutoka Njombe wananiitikia bila kugeuka kuniangalia mara mbili. Lakini wewe huwezi kuniitikia, kwa hiyo nimeamua kuiandika.

Nimekuwa nikiyabeba haya kwa muda mrefu na bado hayajanikaa. Kila nikiyapanga kichwani, nashtuka upya pale pale. Nimeona bora niyaandike kwa mpangilio, kuanzia siku ulipoingia dukani kwetu, na nikuandikie wewe, maana ni wewe tu uliyekuwepo mwanzo hadi mwisho.

Baba alikuwa amehama Kondoa na kufungua duka la vitambaa hapa Makambako, karibu na stendi. Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara huria imeanza. Watu waliozoea kupanga foleni kwa ajili ya khanga moja walikuwa wameanza kuingia dukani, wanachagua rangi, wanairudisha, wanachagua nyingine. Wewe hukuja kuchagua rangi. Ulikaa pembeni mpaka wateja wakaisha, ndipo ukauliza kwa sauti ya chini kama huwa tunatupa vile vipande vinavyobaki mwisho wa jora. Baba alikutania, akauliza kama unavisha wanasesere. Ulifungua kikapu ukatoa blanketi.

Sijasahau lile blanketi. Ulikuwa umeunganisha vipande vya sare za shule, khanga zilizochakaa na pazia la mtu, vyote vimekatwa pembetatu na kupangwa mpaka vikafanya nyota kubwa katikati. Ndani uliweka blanketi kuukuu ili lipate unene, kisha ukapitisha mshono wa mkono juu yake lote, mistari imenyooka kama matuta. Baba aliligeuza upande wa pili akatazama mishono, kama anavyofanya mali inapomshangaza na hataki kuonyesha. Kuanzia siku hiyo niliweka gunia chini ya kaunta. Kila kipande kilichobaki kilikuwa chako.

Ulikuwa unakuja siku tulivu, si siku za soko. Tulikaa nyuma ya duka tukipanga vipande sakafuni, upepo wa Makambako ukipiga bati juu yetu, na wewe ukinifundisha kwamba rangi mbili zinazogombana zinapatana ukiweka nyeupe katikati. Uliniambia mtawa mmoja mzee wa misheni ndiye aliyekufundisha kushona hivyo, na ndiye aliyekufundisha pia kupamba keki. Keki ulizioka kwenye sufuria lenye mchanga, makaa chini na makaa juu. Kabla rangi za chupa hazijafika madukani, ulipata waridi jekundu kwa maji ya bitiruti. Ncha ya mfuko wako wa kupambia ulikuwa umeikata mwenyewe kwenye kopo la maziwa. Uliwapambia watoto wa ubatizo na wa komunyo ya kwanza, wengine hata wa majirani uliokuwa huelewani nao. Nilikuuliza kwa nini hufanyi biashara. Ukasema kwa baridi ya Njombe, na mume haji, mikono inatafuta cha kufanya, na kama ungeigeuza biashara ungeanza kuichukia.

Mume wako ulimtaja kwa jina moja tu, Baba Neema. Anaendesha lori, yuko njiani, anakuja anaacha sabuni na sukari, anaondoka. Hukumlalamikia. Nami sikuuliza jina lake jingine. Kwa nini ningeuliza? Mji huu umejaa wake za madereva.

Na mimi nilikuwa na wangu. Rashidi alikuwa akituletea majora kutoka Dar es Salaam. Alikuwa mpole, anamwamkia mama kwa heshima, anaswali msikiti mmoja na baba. Alitueleza bila kuficha kwamba alisilimu ukubwani. Alitueleza pia kwamba aliwahi kuoa huko nyuma, na mke wake akafariki wakati wa kujifungua, yeye na mtoto. Alilisema hilo huku ameangalia chini, na mama akalia. Mimi, dada, niliichukua habari ile nikaenda nayo kwenye swala. Kwa miezi mingi niliwaombea yule mwanamke na mtoto wake Mungu awalaze pema.

Nilipokuambia naolewa ulifurahi kuliko dada zangu wa damu. Uliuliza bwana anafanya kazi gani, nikasema dereva. Ukasema, "Dereva? Basi jifunze kushona," tukacheka wote wawili. Ukasema keki ni zawadi yako, nisithubutu kutafuta mtu mwingine. Jina la bwana harusi uliliandika kwenye kiganja kwa kalamu, ili usikosee herufi. Rashidi. Uliondoka nalo hivyo mpaka Njombe, mkononi mwako.

Ndoa ilifungwa asubuhi, nyumbani, mimi nikiwa chumbani na akina mama. Sherehe ilikuwa alasiri ukumbini. Niliambiwa umefika na pikapu, keki imekaa vizuri, ila kona moja ilipata ufa njiani kwa sababu ya barabara na unairekebisha. Sikuruhusiwa kutoka kukusalimia. Nilituma mtu akupe chai.

Tulipoingia ukumbini, Rashidi amenishika mkono, watu wakisimama na muziki ukipigwa, kitu cha kwanza nilichokiona ni keki. Ilikuwa ghorofa tatu. Ulikuwa umeichora yote kama blanketi lako, pembetatu kwa pembetatu, nyeupe na bluu na waridi, na nyota kubwa mbele, na majina yetu mawili ndani ya nyota. Nilisikia watu wakiguna kwa mshangao. Wewe ulikuwa umeinama ukimalizia ile kona. Ukainua macho unitafute.

Hukuniona mimi. Ulimwona yeye.

Mkono wako haukuacha kubana mfuko. Hilo ndilo ninalolikumbuka zaidi ya yote. Ule mstari mweupe ulitoka kwenye keki, ukashuka, ukaendelea juu ya kitambaa cha meza, mrefu, hauna mahali unapokwenda. Na mkono wake ukatoka kwenye mkono wangu.

Ulisema, "Baba Neema."

Watu wa karibu walidhani unamsalimia mtu mnayefahamiana naye. Hata mimi, kwa muda mfupi kabisa, niliwaza kwamba ni vizuri mnafahamiana. Kisha nikamsikia akikwambia kwa sauti ya chini urudi nyumbani, mtaongea. Nyumbani. Nikakuuliza huyu ni nani kwako.

"Ni mume wangu, Zuhura. Wa ndoa ya kanisani."

Mimi nikasema kitu ambacho mpaka leo sijui kama nilipaswa kukisema mbele yako. Nikasema, "Aliniambia umekufa."

Uliniangalia, ukamwangalia yeye. Ukauliza, "Na Neema?" Nilitikisa kichwa tu, nawe ukaelewa kwamba alikuwa amemuua hata mtoto. Uso wako ulibadilika pale, si kabla. Uliweka mfuko mezani taratibu, ukavua aproni, ukaikunja, ukatembea katikati ya wageni wote mpaka mlangoni, ukiomba njia kwa adabu kama mtu anayetoka kanisani kabla ya misa kwisha.

Nilibaki nimesimama mbele ya keki yenye jina langu. Baba alikuja, akaelezwa, akamwuliza Rashidi kama ni kweli. Rashidi alijibu kwamba dini inamruhusu. Baba si mtu wa maneno, unamjua. Alisema, "Dini imekuruhusu kuoa wa pili. Haikukuruhusu kumzika wa kwanza akiwa hai." Kisha akaenda kuwaomba radhi wageni.

Usidhani baada ya hapo mambo yalikuwa rahisi. Shangazi zangu walinizunguka jioni ile. Walisema ndoa imeshafungwa, mimi ni mke wa mtu, wanaume wanadanganya, niende nyumbani kwangu nikayamalize huko. Rashidi alikaa nje kwenye gari akisubiri. Sikuwa na hoja yoyote. Sikusema nakataa kwa sababu hii au ile. Nilichokuwa nakiona mbele yangu ni ule mstari mweupe ukienda peke yake juu ya meza, na miguu yangu haikuinuka. Akaondoka bila mimi. Hakuna aliyeikata keki. Asubuhi mama aliipeleka stendi, wakaila makuli na wasafiri.

Sikulala nyumbani kwake hata siku moja. Sheikh alipoitwa alisema kwa kuwa sikuingia kwake, jambo ni jepesi. Halikuwa jepesi, Rashidi alizungusha, lakini mwishowe alitoa talaka, na mvua za kwanza zilinikuta niko huru nyuma ya kaunta, watu wakipita dukani kuniangalia usoni.

Kuja nyumbani kwako Njombe niliogopa kuliko kitu chochote. Ndani ya basi, ukungu umefunika miti ya miwati pande zote mbili za barabara, nilijaribu maneno ya kukuambia na hakuna hata moja lililofaa. Nilibisha. Ukasema pita. Nikakukuta umekaa sakafuni, mkasi mkononi, na nguo za mume wako zimekuzunguka. Suti ya harusi yenu. Mashati ya Jumapili. Suruali za kazi zenye madoa ya grisi ambayo hayatoki. Ulikuwa umeshakata nusu.

Nilisimama mlangoni nimeduwaa. Kwetu nguo za mtu aliye hai hazikatwi hivyo, na nadhani hata kwenu. Nilidhani umechanganyikiwa. Nawe ukaniangalia kama vile ulikuwa umenituma sokoni na nimechelewa kurudi.

"Kaa hapo ushike ncha hiyo," uliniambia. "Huyu mtoto analala na baridi. Nguo za baba yake zitamfunika. Hiyo ndiyo kazi iliyobaki."

Nikakaa, nikashika ncha. Tulikata suti ile mpaka koti lote likawa pembetatu. Na tulipokuwa tukishona tukaanza kulinganisha. Wewe ulisema siku fulani alikuambia gari limeharibika Mafinga, mimi nikasema siku hiyo alikuwa kwetu anakula pilau. Mimi nikasema aliniletea kitambaa cha maua ya zambarau, wewe ukanyanyuka ukaenda chumbani ukarudi na kitambaa hicho hicho, nusu yake. Alikuwa amelikata pande moja akatugawia. Hapo ndipo tulipocheka. Sijawahi kushtushwa na kicheko changu mwenyewe kama siku ile. Neema alikuja kutoka nje kutazama kuna nini, akatukuta tumeshikana mabega, machozi yanatutoka.

Tulikuwa na miaka mizuri baada ya hapo. Ulinifundisha kukata, kupamba, kubana mfuko bila mkono kutetemeka. Nilikuja likizo zote za duka. Wanawake wa mtaani kwako waliokuwa wananong'ona walichoka, wakaanza kuniuliza bei za vitenge.

Kisha akarudi. Ulinitumia habari kwa konda wa basi kwamba Baba Neema yuko nyumbani, anaumwa, na kwamba umempokea. Nilipanda basi siku iliyofuata. Sitaficha, nilikuja na maneno makali. Lakini nilipoingia nikamwona, maneno yakaniishia. Yule mwanaume mrefu alikuwa amebaki mifupa kitandani, amefunikwa na lile blanketi la nguo zake mwenyewe. Hakunitazama. Nikakuvuta uani nikakuuliza unawezaje. Ulikuwa unafua mashuka yake. Ukasema ile "ndiyo" ya kanisani uliisema wewe kwa kinywa chako. Yake aliipoteza mwenyewe, yako bado unayo.

Alikufa. Wewe ukaanza kukonda. Ulivaa masweta mawili ukasema ni baridi, kisha ukasema ni kifua. Katika barabara hii yote, kuanzia kwetu hadi kwenu na mbele hadi milimani Makete, wake za madereva walikuwa wanakonda na watu wanasema ni kifua. Ugonjwa ulikuwa na jina na kila mtu alilijua, lakini halikutajwa mbele ya mgonjwa. Mimi pia sikulitaja. Nilikuja na maziwa na mayai, nikakaa nawe, nikazungumza habari za vitambaa.

Wewe ndiye uliyezungumza. Tulikuwa jikoni, ukiwa umekaa kwenye kigoda kwa sababu kusimama kulikushinda, mimi nikipaka keki ya jirani ukinielekeza kwa kidole. Ukasema, bila kuinua sauti, "Namshukuru Mungu kwamba siku ile niliwahi kufika na keki."

Kisu kilinianguka. Dada, naapa sikuwa nimewahi kuliona hivyo. Miaka yote nilifikiri siku ile nilipoteza mume na aibu ikanipata. Sikuwahi kuketi na kuwaza kwamba kama pikapu yako ingekwama matopeni, kama mtu mwingine angeleta keki, ningeondoka ukumbini nimeshika mkono wa mtu yule, na mashuka ningefua mimi, na masweta ningevaa mimi. Wewe ulikuwa umeliwaza. Ulikuwa umekaa nalo, peke yako, na ulilipata kuwa ni jambo la kushukuru. Nilikuangalia nikakosa pa kuweka macho. Ukaniambia niendelee na ua, krimu inakauka.

Baadaye ulisema unakwenda kijijini kwa mama yako, kule karibu na misheni, upumzike, na kwamba nisije mpaka uniite. Nikatii. Nilisubiri kuitwa.

Asubuhi moja aliingia dukani mwanaume aliyevaa koti la mvua, ametoka Iringa, anabadilisha basi la kwenda Njombe. Alitaka kitambaa cheupe, kizuri, kisichoonyesha ndani. Tunajua maana ya kitambaa cheupe mtu anapokinunua asubuhi akiwa na haraka. Nikampa pole. Nikapima. Nikaanza kukata. Nikamwuliza, ili nimpe pole kwa jina, ni nani aliyewatoka. Akasema ni dada yao, Bonifasia.

Mkasi ulikuwa katikati ya kitambaa. Nilijaribu kuendelea na haukwenda mbele wala haukurudi. Baba alitoka nyuma, akaniona, akauchukua mkononi mwangu taratibu akamalizia yeye. Yule bwana, kaka yako Damiani, hakuelewa kwa nini muuza duka analia. Nilikunja kitambaa, nikavaa mtandio, nikamwambia tunakwenda wote. Nilikibeba mapajani njia nzima.

Kwenu walikuwa wamejaa. Mama mmoja mlangoni aliniuliza kwa Kibena, kisha kwa Kiswahili, mimi ni nani kwa marehemu. Lilikuwa swali la kawaida, wageni wote walikuwa wanaulizwa wapate kuelekezwa pa kukaa. Nilisimama pale na mtandio wangu, kitambaa kikiwa mikononi, watu wote wananitazama. Ningesema nini? Kwamba niliolewa na mume wake kwa nusu siku? Kwamba alinipambia keki?

Mama yako alikuwa amekaa mkekani karibu nawe. Sikujua kama ananifahamu. Alisema, "Huyo ni mtoto wangu wa Makambako. Mpisheni." Akasogea. Wanawake wakasogea. Nikakaa katikati yao, nikakunjua kitambaa, na mimi na mama yako tukakuvisha.

Neema yuko kwa bibi yake. Ni mrefu sasa, ana shingo yako. Nikija ananiuliza ulikuwaje ulipokuwa mzima, nami namsimulia yale ya kuchekesha. Haya mengine atayauliza akikua, na nitamwambia bila kupunguza.

Sina jinsi nzuri ya kukuaga. Ulikwenda bila kuniita na nimekusamehe hilo, kwa shida. Asubuhi nafungua duka, upepo unapuliza vumbi la stendi, madereva wanapiga honi, wake zao wanaingia kuuliza bei. Natazama mikono yangu juu ya kaunta, minene, mizima, na bado nashtuka kwamba ni mimi niliyebaki.

Pumzika, dada.

Mdogo wako,
Zuhura